Gurudumu la Mbele Linapocheza



Katika vijiji vyetu vya milima ya Usambara bajaji si kitu kigeni tena. Inapeleka mgonjwa zahanati. Inaleta mbolea. Inashusha ndizi na mboga sokoni. Ipo pia ile ya mizigo tu, yenye sanduku nyuma na usukani wa pikipiki mbele. Wengi huiita guta. Zote mbili ni pikipiki za magurudumu matatu.

Chombo cha namna hii kina historia. Mwaka 1948 kiwanda cha Piaggio cha Italia kilianza kuunda chombo kidogo cha mizigo chenye magurudumu matatu. Walikiita Ape, yaani nyuki. Baadaye kiwanda cha Bajaj cha India kilianza kuunda vyombo vya aina hiyo kwa kibali cha Waitalia hao. Kutokana na jina la kiwanda hicho cha India, sisi tukapata neno bajaji.

Katika somo hili tutajifunza ugonjwa mmoja wa chombo hiki. Ugonjwa huo ni kucheza kwa gurudumu la mbele. Tutajifunza jinsi ya kutafuta chanzo chake kabla ya kutoa fedha.

1. Kisa cha mwanakisomo mmoja

Katika darasa letu la jioni hapa Bungu alikuwapo kijana dereva wa bajaji. Bajaji ilikuwa ya mkataba. Kila siku ilimpasa kupeleka hesabu kwa tajiri, na baada ya muda bajaji ingekuwa mali yake.

Jioni moja alichelewa kufika. Alipoingia, uso wake haukuwa na furaha. Tukamwuliza, "Kuna nini?"

Akasema, "Gurudumu la mbele linacheza. Usukani unanitetemesha mikono hadi mabegani. Fundi wa kwanza aliniambia shokapu imekufa. Nikanunua shokapu. Gurudumu likaendelea kucheza. Fundi wa pili akasema ni tairi. Nikanunua tairi. Bado linacheza. Nimemaliza fedha zote za wiki tatu. Hesabu ya tajiri sina. Na kesho asubuhi nimeahidi kupeleka watoto shuleni."

Darasani alikuwapo pia mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akitengeneza baiskeli. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, lakini mikono yake ilikuwa imejifunza mengi. Akamwuliza yule kijana swali moja:

"Mjukuu wangu, linacheza wakati gani?"

Kijana akanyamaza. Kisha akajibu, "Babu, hilo hakuna aliyeniuliza. Linacheza nikipita kwenye shimo. Linacheza zaidi nikikanyaga breki. Penye barabara nzuri, nikienda polepole, linatulia."

Mzee akasema, "Basi shokapu yako ya zamani huenda haikuwa na kosa. Twende nje tukaangalie."

Tukachukua taa, tukatoka. Baada ya robo saa chanzo kilijulikana. Tutaona mbele kilikuwa nini. Kwanza tujifunze njia aliyoitumia mzee huyo.

2. Kwa nini gurudumu la mbele ni la kuangaliwa sana

Gari lina magurudumu mawili mbele. Moja likilegea, la pili husaidia kidogo kulishika gari njiani. Bajaji ina gurudumu moja tu mbele. Gurudumu hilo peke yake ndilo linaloongoza chombo chote, abiria na mizigo. Likikataa kutii, hakuna jingine la kusaidia.

Sisi tunaoishi milimani tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Barabara ya kutoka Bungu kushuka Korogwe ina kona na miteremko. Ile ya Mombo hadi Lushoto inapanda kwa kilometa zaidi ya 30, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Mahali kama hapo hakuna nafasi ya usukani kuyumba.

Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo kibovu barabarani. Kwa hiyo kuangalia gurudumu ni kulinda uhai, ni kulinda fedha, na ni kutii sheria.

3. Swali la kwanza: Linacheza wakati gani?

Daktari mzuri hatoi dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini. Chombo hakisemi, lakini dereva anaweza kukisemea. Jiulize maswali haya:

(a) Je, usukani unakwenda kushoto na kulia hata katika mwendo mdogo, kwa kufuata mzunguko wa gurudumu? Basi shuku rimu iliyopinda, tairi lililovimba, au tairi lililokaa vibaya kwenye rimu.

(b) Je, kutetemeka kunaanza ukifika mwendo fulani, na ukipunguza mwendo kunakwisha? Basi shuku uzito usio sawa katika gurudumu. Upande mmoja ni mzito kuliko mwingine. Mara nyingi chanzo ni matope yaliyokauka ndani ya rimu, au tairi lililolika upande mmoja.

(c) Je, linacheza unapokanyaga breki tu? Basi shuku ngoma ya breki isiyo duara sawasawa, au kitu kilicholegea ambacho breki inakivuta.

(d) Je, linacheza baada ya kupita kwenye shimo, na unasikia mlio wa "ko! ko!" chini ya usukani? Basi shuku koni na gololi za usukani.

(e) Je, linacheza ukiwa na mzigo tu? Basi shuku namna ulivyopakia. Mzigo mwingi ukiwa nyuma kabisa, sehemu ya mbele huinuka na kuwa nyepesi. Gurudumu jepesi halishiki barabara vizuri, hasa wakati wa kupanda mlima.

Kuna jambo jingine la kutofautisha. Kucheza si sawa na kuvuta upande. Kama chombo kinavuta upande mmoja bila kutetemeka, anza kuangalia magurudumu ya nyuma. Huenda upepo wa tairi moja umepungua.

4. Matayarisho

Usipime chombo kikiwa kwenye mteremko. Kipeleke mahali tambarare, pakavu na pagumu. Zima injini na utoe ufunguo. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, ili chombo kisitembee.

Inua sehemu ya mbele kwa jeki hadi gurudumu liache ardhi. Kisha weka gogo imara chini ya fremu. Usiiamini jeki peke yake. Jeki inaweza kuteleza. Usiingize kichwa wala mkono chini ya chombo kinachoshikiliwa na jeki tu.

Vitu unavyohitaji ni vichache: spana, kijiti kilichonyooka, kitambaa, maji, kipimo cha upepo, na mtu wa pili wa kukusaidia. Chukua pia daftari na kalamu.

5. Vipimo saba

Fuata vipimo hivi kwa utaratibu. Vimepangwa kuanzia kile kisicho na gharama. Usiruke.

Kipimo cha 1: Osha gurudumu.
Ondoa matope yote, hasa ndani ya rimu upande usioonekana. Udongo wetu mwekundu ukikauka huwa mzito kama tofali. Madereva wengine wamenunua tairi jipya wakati walichohitaji ni ndoo moja ya maji.

Kipimo cha 2: Pima upepo.
Tairi lenye upepo mdogo hulegea na kuyumba. Lenye upepo mwingi mno hurukaruka kwenye mawe. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa katika kitabu cha chombo. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Usikisie kwa kupiga teke.

Kipimo cha 3: Angalia nati.
Kaza nati zote zinazoshika gurudumu. Kama chombo ni guta lenye spoku, gonga kila spoku kwa spana. Spoku iliyokazwa hutoa mlio mkali. Spoku iliyolegea hutoa mlio mzito, kama debe lililojaa. Spoku chache zikilegea, rimu hupinda.

Hapa lipo onyo. Rimu ya bajaji nyingi imeundwa kwa vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Usifungue kamwe nati hizo wakati tairi lina upepo. Vipande vinaweza kuruka kwa nguvu na kukuvunja mkono au uso. Toa upepo wote kwanza.

Kipimo cha 4: Zungusha gurudumu.
Shika kijiti karibu na ukingo wa rimu bila kuigusa. Mwenzako azungushe gurudumu polepole. Tazama nafasi kati ya kijiti na rimu. Kama inapungua na kuongezeka, rimu imepinda. Kama rimu iko sawa, sogeza kijiti kwenye tairi na uzungushe tena. Kama sasa nafasi inabadilika, kosa liko kwenye tairi. Limevimba, limelika vibaya, au halikukaa sawasawa.

Ukiwa hapo, soma maandishi ya pembeni mwa tairi. Kusoma ndiko tulikojifunzia. Ukiona 4.00-8, maana yake upana wa tairi ni inchi 4 na kipenyo cha rimu ni inchi 8. Matairi mengi yana pia tarakimu nne za kuonyesha lilitengenezwa lini. Tarakimu 1822 ni wiki ya 18 ya mwaka 2022. Tairi linaweza kung'aa dukani na kumbe ni zee lililokwisha kukauka. Anayesoma tarakimu hizo hauziwi uzee kwa bei ya upya.

Kipimo cha 5: Tikisa gurudumu.
Shika gurudumu juu na chini. Kama madigadi inazuia, shika mahali palipo karibu. Sukuma kwa mkono mmoja na vuta kwa mwingine. Gurudumu zima halicheki. Kama linacheka, mwenzako atazame mwanya unaonekana wapi. Ukionekana katikati ya gurudumu, beringi zimelika au nati kubwa ya ekseli imelegea. Ukionekana kwenye mkono unaoshika gurudumu, bushi zimekwisha. Angalia pia kama ile nati kubwa ina pini yake ya kuizuia isijifungue. Chombo kisicho na pini hiyo kisitoke.

Kipimo cha 6: Pima usukani.
Ndani ya bomba linaloshika nguzo ya usukani zipo gololi ndogo, juu na chini. Zinazunguka ndani ya vikombe vya chuma ambavyo mafundi huviita koni. Shika sehemu ya chini inayobeba gurudumu, uivute mbele na kuirudisha nyuma. Mwenzako aweke vidole mahali nguzo inapoingia katika bomba. Akisikia kitu kinagonga, koni zimelegea au zimelika.

Kisha geuza usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Unatakiwa kwenda laini kama mlango wenye bawaba nzuri. Kama unakwama kidogo katikati, koni zimechimbika. Gololi zimejitengenezea vishimo. Hapo kukaza hakusaidii. Ni lazima koni na gololi zibadilishwe na grisi mpya itiwe.

Kipimo cha 7: Pima shokapu na springi.
Shusha chombo chini. Bonyeza sehemu ya mbele kwa nguvu, kisha iachie. Ikipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Ikiendelea kupanda na kushuka mara nyingi, shokapu imechoka. Angalia pia kama oili inavuja, na kama springi imevunjika.

Shokapu ni kipimo cha mwisho katika orodha yetu. Lakini mara nyingi ndiyo ya kwanza kununuliwa. Hapo ndipo fedha za madereva zinapopotelea.

6. Alichokiona mzee

Sasa turudi kwa yule kijana. Mzee alipofika kipimo cha sita, aliweka vidole juu ya bomba la usukani. Kijana akavuta gurudumu. Mzee akacheka. "Weka kidole chako hapa, mjukuu wangu," akasema. Kijana akaweka. Akasikia kitu kinagonga, "ko, ko", kama moyo.

Koni zilikuwa zimelegea. Nati yake ya juu ilikuwa imejifungua kidogo kidogo katika mashimo ya barabara. Shokapu mpya haikuweza kulitibu hilo. Tairi jipya pia halikuweza.

Kijana akataka kuikaza pale pale, kwa nguvu zake zote, ili kesho awahi watoto. Mzee akamzuia. Akasema, "Zikilegea, chombo kinatetemeka. Ukizikaza mno, usukani unakuwa mzito na chombo kinayumba kama mlevi. Tena hatujaona ndani. Gololi zikiwa zimelika, utakuwa umefunga ugonjwa na kuuacha humo humo."

Kijana akafikiri kwa muda. Kisha akachukua simu. Akawaambia wazazi wa wale watoto kwamba kesho hatakuja, na kwa nini. Halikuwa jambo rahisi kwake. Kila safari ilikuwa fedha, na fedha hakuwa nazo. Mzazi mmoja alikasirika. Wengine wakamshukuru.

Siku ya pili fundi alifungua nguzo ya usukani. Gololi kadhaa zilikuwa zimevunjika. Alibadilisha koni na gololi, akatia grisi, akakaza kwa kipimo. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya ile shokapu. Gurudumu likatulia.

Wale mafundi wawili wa kwanza huenda hawakuwa wezi. Walikisia tu. Na dereva hakuwa na la kuwajibu, kwa sababu hakuwa amekiangalia chombo chake. Kukisia kwa fundi hulipwa na mwenye chombo.

7. Yapi nifanye mwenyewe, yapi nimwachie fundi?

Dereva anaweza kuosha, kupima upepo, kukaza nati za gurudumu, na kufanya vipimo vyote saba. Kunyoosha rimu, kubadilisha beringi, bushi na koni, na kufungua breki ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Lakini nenda kwa fundi ukiwa na maelezo. Usimwambie tu, "Linacheza." Mwambie, "Linacheza nikipita kwenye shimo, na nimesikia usukani unagonga." Mwombe akuonyeshe kifaa kibovu kabla ya kununua kipya. Kile cha zamani akupe ukione.

Baada ya matengenezo, jaribu chombo bila abiria, mahali tambarare, kwa mwendo mdogo. Ukimaliza kilometa chache, kagua nati tena.

8. Kama likianza kucheza ukiwa njiani

Shika usukani kwa mikono miwili, kwa uthabiti lakini bila kupigana nao. Achia mafuta polepole. Usikanyage breki kwa ghafla. Kanyaga kidogo kidogo hadi chombo kisimame pembeni. Shusha abiria. Usiendelee na safari kwa kusema, "Nitafika tu."

Unaposhuka mlima, shuka na gia. Wapo wanaozima injini au kuweka gia huru ili kuokoa petroli. Hao wanaiachia breki kazi yote. Breki ikichemka, hupungua nguvu. Petroli ya shilingi chache hailingani na uhai wa mtu mmoja.

9. Daftari la chombo

Yule kijana sasa ana daftari. Katika kila ukurasa amepiga mistari minne. Anaandika tarehe, alichokiona, kilichofanyika, na fedha alizolipa. Kila Jumatatu asubuhi anafanya vipimo vyake na kuandika. Alipoanza mwandiko wake ulikuwa wa taabu. Sasa anaandika haraka. Tajiri wake akiuliza fedha zimekwenda wapi, anafungua daftari na kumsomea.

Huo ndio utumizi wa kisomo. Hatujifunzi herufi ili tupate cheti cha kutundika ukutani. Tunajifunza ili tuweze kuandika tunachokiona, na kukumbuka tulichokiandika, na kutodanganywa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nati iliyolegea leo ni ufa. Ikaze leo.

Maswali

1. Kwa nini gurudumu la mbele la bajaji ni la hatari zaidi likilegea kuliko gurudumu moja la mbele la gari?
2. Mzee alimwuliza kijana swali gani? Kwa nini swali hilo lilikuwa muhimu?
3. Taja tofauti kati ya chombo kinachocheza na chombo kinachovuta upande.
4. Kwa nini hatufungui nati za vipande vya rimu wakati tairi lina upepo?
5. Tairi lina tarakimu 3521. Lilitengenezwa wiki ya ngapi na mwaka gani?

Majadiliano

Kijana alikosa safari ya asubuhi ili watoto wasipande chombo kibovu. Mzazi mmoja alikasirika. Kama wewe ungekuwa mzazi huyo, ungesema nini? Kama wewe ungekuwa tajiri mwenye bajaji, ungedai hesabu ya siku hiyo? Jadilianeni katika kikundi.

Kazi ya kufanya

Mwombeni dereva mmoja wa kijiji alete chombo chake darasani. Fanyeni vipimo saba pamoja naye. Kila mmoja aandike katika daftari lake alichokiona, kisha msomeeni dereva huyo mlichoandika.